Karatasi za Mto Lhubiriha

Siku ya soko, Jumanne au Ijumaa, daraja la Mpondwe halipitiki ila kwa kusukumana. Upande huu ni Bwera, Uganda. Ng'ambo ni Kasindi, Kongo. Na chini unapita Lhubiriha, mto mdogo unaoshuka kutoka milima ya Rwenzori kwenda kumwaga maji yake Ziwa Edward. Baiskeli zimepakiwa magunia mpaka mwenye baiskeli haonekani, unaona miguu yake tu. Wanawake wanavuka na madumu ya mawese kichwani, wengine wamebeba maharage, sabuni, samaki wakavu. Shilingi, faranga na dola zinabadilishwa papo hapo, na bei inatajwa kwa Kikonzo, kwa Kinande au kwa Kiswahili, kutegemea aliyeanza kuongea. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wahudumu wa afya waliopangwa hapa walikadiria kwamba siku ya soko wapitaji waliweza kufika 20,000.

Simama hapo robo saa tu, uangalie nani anaulizwa nini. Dereva wa lori la simenti anatoa pasipoti, kadi ya njano ya chanjo na bahasha nzima ya karatasi za forodha. Mfanyabiashara wa Butembo, Kongo, anayekwenda Kampala kununua mali anapanga foleni dirishani. Kisha anakuja bibi mwenye beseni la nyanya. Huyo anaulizwa anakwenda kwa nani, anajibu huku anatembea, na hakuna anayemsimamisha. Kwa hesabu za Kampala na Kinshasa, wote watatu ni wasafiri wa kimataifa. Hapa darajani, wa tatu ni jirani.

Siku hizi nchi nyingi zimebuni ruhusa mpya ya kusafiri: huhitaji viza, lakini kabla hujatoka kwenu sharti ujaze fomu mtandaoni, ulipe, usubiri jibu kwenye simu. Afrika Mashariki nayo imeanza kuizoea. Kabla haijafika kwa bibi wa nyanya, yafaa tukumbuke ni karatasi ngapi zimekwisha kupita kwenye mto huu, na kila moja ililetwa na nini.

Mto kabla ya mpaka

Kutoka mji wa Kasese hadi Mpondwe ni takriban kilomita 60. Unashuka kusini hadi Kikorongo, jirani na mstari wa ikweta, unakunja kulia, unaipitia Mbuga ya Malkia Elizabeth, kisha barabara inapanda kwenye migomba na kahawa za Kisinga na Bwera. Kushoto, kando ya ziwa, iko Katwe. Chumvi ya Katwe ndiyo iliyozifungua njia hizi. Wafalme wa Bunyoro na wa Toro waliigombania, na Kapteni Lugard wa Uingereza alipofika mwaka 1891 alijenga ngome papo hapo, akaiita Fort George. Ngome haikulinda watu, ililinda ziwa la chumvi.

Waliokula chumvi hiyo mlimani na ng'ambo ya mto walikuwa watu wa jamii moja. Uganda wanaitwa Wakonzo, Kongo wanaitwa Wanande, na wenyewe wanapojitaja kwa pamoja husema Wayira. Lugha zao wanasikilizana bila mkalimani. Lhubiriha ulikuwa mto wa kuchota maji na kunyweshea mifugo.

Mpaka ulichorwa mbali sana na hapo. Mwaka 1894 Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyekuwa akiimiliki Kongo kama shamba lake, walikubaliana kutumia nyuzi 30 za longitudo mashariki. Ulikuwa mstari wa kwenye karatasi. Hakuna aliyekuwa ameupima ardhini. Ukiufuata leo kwa vipimo sahihi, Bwera yote iko magharibi yake, Katwe na chumvi yake vivyo hivyo, hata kilele cha Rwenzori. Mji wa Kasese ungebaki Uganda kwa kilomita chache tu. Wapimaji walipokwenda uwanjani mwaka 1907 na 1908, mzozo ukawa dhahiri.

Mei 1910, Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walikutana Brussels wakapanga upya. Safari hii walitafuta vitu vinavyoonekana kwa macho: mstari ukate Ziwa Edward hadi mlango wa Lhubiriha, upande na mto hadi chimbuko lake, kisha ufike kilele cha Rwenzori. Mkataba wa London wa Februari 1915 ukaithibitisha mipaka hiyo. Hakuna Mkonzo wala Mnande aliyeketi katika vikao hivyo. Waliolala wakiwa ukoo mmoja waliamka wakiwa raia wa watawala wawili.

Cheti cha malale

Mojawapo ya karatasi za mwanzo kuwabana watu wa eneo hili haikuwa ya uraia. Ilikuwa ya ugonjwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu kwa maelfu mengi kandokando ya maziwa ya Uganda. Serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kwa nguvu kutoka mwambao, kwanza Ziwa Victoria, baadaye Ziwa Edward na Ziwa George. Nyika ile tupu unayoipita leo kutoka Kikorongo kwenda Katwe, yenye tembo na nyati, ilikuwa na wakazi na mifugo. Watu waliondolewa, wanyama wakaenea, na mwaka 1952 eneo likatangazwa kuwa hifadhi ya taifa.

Upande wa Kongo, Wabelgiji walianzisha cheti cha tiba cha kusafiria. Mtu mweusi aliyetaka kutoka eneo lake alipaswa kupimwa, na cheti kikaonyesha kwamba hana malale. Baadaye ikaongezeka hati nyingine, ya kuhama: huwezi kuondoka utemini kwenu kwa muda mrefu bila idhini ya mtawala. Ugonjwa ulitoa sababu, utawala ukaona faida. Serikali ikajua nani yuko wapi, nani anadaiwa kodi na nani anafaa kupelekwa kibaruani.

Uganda kazi hiyo ilifanywa na tiketi ya kodi. Mkataba wa Toro wa 1900 uliwaweka Wakonzo chini ya ufalme wa Toro, na kodi ikakusanywa na machifu waliotumwa kutoka huko. Mwanaume aliyekutwa njiani bila tiketi alijieleza akiwa chini ya ulinzi. Tiketi ile, iliyobadilika majina mara kadhaa, iliishi hata baada ya uhuru. Uganda iliiondoa mwaka 2005. Vijana waliozaliwa baada ya hapo hawaamini wakisimuliwa kwamba babu zao walikuwa wakilala migombani kuwakwepa wakusanyaji wa kodi. Kwa watu wa Bwera maficho yalikuwa karibu zaidi. Unavuka mto, unalala kwa shemeji, unarudi mambo yakipoa.

Magendo na mapinduzi

Juni 30, 1960 Kongo ilipata uhuru. Miaka miwili kamili baadaye, tarehe hiyohiyo ya 1962, Isaya Mukirane na wenzake walitangaza eneo lao la Rwenzururu milimani, wakikataa kuwa chini ya Toro. Kwa miaka 20 vuguvugu hilo liliishi kwa kuujua mlima na kuujua mpaka. Askari wakipanda kutoka Kasese, wapiganaji waliteremkia Kongo. Mwana wa Mukirane, Charles Mumbere, alishuka kutoka mlimani kwa maridhiano mwaka 1982. Serikali iliutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009, na Oktoba ya mwaka huo Mumbere akatawazwa rasmi.

Katika miaka hiyohiyo neno magendo lilipata maana ya nyumbani. Serikali ya Idi Amin ilipouharibu uchumi, bodi ya kahawa ikimlipa mkulima kwa fedha isiyonunua kitu, kahawa ya Rwenzori ilivushwa usiku mgongoni mwa mtu kwenda kuuzwa Zaire, jina la Kongo wakati huo, na nguo na sabuni vikarudi kwa njia hiyohiyo. Kwa sheria huo ulikuwa uhalifu. Kwa familia nyingi ilikuwa ada ya shule. Hapo ndipo vivuko vya miguu vilipopata umuhimu ambao havijaupoteza hadi leo. Daraja ni moja, lakini mto una mahali pengi pa kukunjia suruali.

Wakubwa nao walivuka, tena bila kukunja suruali. Novemba 13, 1996 waasi wa ADF walitokea Kongo wakaishambulia Mpondwe na kuingia Bwera. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa vita vyao vikubwa dhidi ya Uganda. Mwaka 1998 jeshi la Uganda likaingia Kongo, likakaa hadi 2003. Hakuna askari aliyepanga foleni dirishani kugongewa muhuri. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia mwaka 2005, na Februari 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325. Juni 16, 2023 ADF walivuka tena usiku, wakaishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha iliyopo Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi waliokuwa bwenini.

Kila baada ya pigo la namna hiyo, ukaguzi darajani unakazwa kwa wiki kadhaa. Waliofanya unyama hawakupita darajani. Anayekaguliwa ni yule aliyekuwa akipita hapo tangu zamani.

Juni 2019: familia moja, nchi mbili

Kama kuna kisa kimoja cha kumweleza ofisa wa mjini Mpondwe ni mahali pa namna gani, ni cha Juni 2019. Mama Mkongo aliyeolewa na Mganda wa upande wa Kasese alikwenda kwao na watoto kumuuguza baba yake. Mzee alikuwa na Ebola, akafariki. Baada ya mazishi jamaa walianza safari ya kurudi. Kasindi waligunduliwa kuwa wamekutana na mgonjwa na wengine wana dalili, wakawekwa kando. Baadhi yao walitoroka, wakashika njia ya miguu, wakavuka.

Tarehe 9 Juni mtoto wao wa miaka 5 alifikishwa hospitali ya Kagando akitapika damu. Tarehe 11 vipimo vikathibitisha: mgonjwa wa kwanza wa Ebola nchini Uganda katika mlipuko ule. Alifia katika kituo maalumu cha Bwera. Bibi yake na mdogo wake wa miaka 3 nao wakafa.

Wengi waliosoma habari hiyo mbali waliiita habari ya mpaka unaovuja. Ukiisoma ukiwa Bwera, ni habari ya mtoto aliyekwenda kwa babu yake. Hakuna hati ya kusafiria ambayo ingemzuia binti kumuuguza baba. Damu nzito kuliko maji, hata maji ya mto wenye bendera mbili.

Lililofanya kazi lilikuwa la chini zaidi. Ndoo za maji ya klorini ziliwekwa darajani, vipimajoto vikaelekezwa kila paji la uso, na vijana wa vijijini wakasimama kwenye vivuko vya miguu, maana wao ndio walijua viko wapi. Agosti 28 mwaka huohuo, msichana wa miaka 9 kutoka Kongo aligunduliwa palepale Mpondwe kabla hajaingia mbali. Hakugunduliwa na fomu. Aligunduliwa na mtu aliyesimama akiangalia watu.

Mlipuko ulitangazwa kumalizika Juni 25, 2020. Wakati huo mpaka ulikuwa umefungwa kwa sababu ya korona, na magunia yalikuwa yamerudi kwenye njia za panya.

Jumuiya yafika mtoni

Majirani wengine walikuwa wamejipanga mapema. Mwaka 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda jumuiya yao ya Maziwa Makuu, na hati yake ikawasaidia watu wa Goma na Gisenyi kwenda na kurudi. Uganda haikuwamo, kwa hiyo Mpondwe haikunufaika. Kwa upande wa mashariki, pasipoti ya Afrika Mashariki ilianza kutolewa 1999, na Januari 2014 Uganda, Kenya na Rwanda zikakubali raia wao wasafiri kwa kitambulisho cha taifa peke yake. Mtu wa Kasese angeweza kufika Mombasa, mwisho wa reli iliyomfikia yeye mwaka 1956, kwa kadi ya mfukoni. Kumtembelea dada yake Kasindi, hatua mia chache kutoka nyumbani, kisheria kulihitaji zaidi ya hapo. Na kwa anayetoka ng'ambo, viza ya kawaida ya Uganda, kuanzia 2016, ilikuwa dola 50. Kwa muuza nyanya, hiyo ilikuwa bei ya shehena nzima.

Upepo ulianza kugeuka Juni 16, 2021. Marais Museveni na Tshisekedi walikutana papo hapo Mpondwe na Kasindi kuzindua ujenzi wa barabara za upande wa Kongo, kilomita 223 kwa jumla, zikiwamo kilomita 80 za kutoka Kasindi hadi Beni. Aprili 8, 2022 Tshisekedi alitia saini mkataba wa kuiingiza Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Julai mwaka huo uanachama ukakamilika. Baada ya hapo serikali hizo mbili zikazungumza kuhusu kuondoleana viza. Kwa wazee wa Bwera hiyo si zawadi. Wanarudishiwa kile ambacho baba zao walikuwa nacho kabla ya Brussels.

Ruhusa ya kisiwani

Sasa tuje kwenye simu. Australia ndiyo iliyotangulia, mwaka 1996, kutoa ruhusa ya kielektroniki kwa wageni. Marekani ikaifanya ya lazima Januari 2009 kwa raia wa nchi wasiohitaji viza, na mwishoni mwa 2024 ikaifikisha hata kwenye visiwa vyake vya Guam na Mariana ya Kaskazini, ambako wageni wa nchi fulani huingia bila viza. Karibu na kwetu, Ushelisheli imejivunia kwa miaka mingi kutodai viza. Tangu korona, kila mgeni anaomba idhini mtandaoni kabla ya kupanda ndege. Zanzibar, ambako kwa miaka mingi baada ya Muungano wa 1964 hata mtu wa Tanzania Bara alidaiwa pasipoti, tangu Oktoba 2024 inamtaka mgeni wa nje anunue bima ya kisiwani kwa dola 44. Kenya ilifuta viza Januari 2024, na siku hizohizo ikaanzisha ruhusa ya kielektroniki ya dola 30. Raia wa Jumuiya waliachwa nje ya malipo, lakini Waafrika wengine walipiga kelele kwamba viza imebadilishwa jina tu, na Januari 2025 baraza la mawaziri la Kenya likaamua kuwaondolea wengi wao sharti hilo.

Angalia ni wapi mpango huu unafanya kazi vizuri: visiwani na viwanja vya ndege. Sababu iko wazi. Anayekwenda kisiwani hana budi kupanda chombo, na mwenye chombo ndiye anayefanywa mlinzi wa mlango: huna ruhusa, hupandi. Bahari inakamilisha kazi iliyobaki. Mpondwe haina mwenye chombo. Ina daraja moja na vivuko ambavyo kila mtoto wa kijijini anavijua kwa majina.

Halafu jiulize fomu yenyewe itamuuliza bibi wa nyanya nini. Namba ya pasipoti: hana. Barua pepe: hana. Hoteli atakayofikia: ni kwa binti yake. Kadi ya benki ya kulipia: beseni ndilo benki. Ng'ambo mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kwa miaka mingi raia wa Kongo hakuwa na kitambulisho cha taifa. Kadi ya mpiga kura ndiyo iliyobeba kazi hiyo. Mfumo ukiikataa kadi hiyo, umewakataa karibu wote.

Sisemi teknolojia haifai. Mfanyabiashara wa Butembo anayekwenda Kampala kila mwezi atashukuru kujaza fomu akiwa nyumbani badala ya kukesha Kasindi. Dereva wa lori vilevile. Lakini historia ya mto huu inasema jambo moja bila kuficha: karatasi huletwa na hofu ya wakati wake, iwe malale, kodi, waasi au Ebola, hofu inapita, karatasi inabaki, na mzigo wake unamwangukia anayepita darajani mchana kweupe. Mwenye nia mbaya hakuwahi kuihitaji.

Kwa hiyo, kwa wakubwa wa Kampala, Kinshasa na wa Jumuiya kule Arusha: mkazi wa kando ya mto apewe kadi ya ujirani bure, itolewe sokoni na si mtandaoni pekee, kadi ya mpiga kura ya Kongo ikubaliwe, na fedha zinazobaki zilipe watu wa kusimama vivukoni na kipimajoto. Na kabla ya kuandika kanuni yoyote, njooni Mpondwe siku ya Ijumaa, msimame darajani robo saa.